Diski Moja, Wenyewe Mia Sita

Mpenzi msomaji, kabla hujaukimbia ukurasa huu kwenda kutafuta vichekesho na vitendawili, nipe dakika chache. Nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho hakionekani, hakinuki wala hakiliwi, lakini mwaka 2025 kilitugombanisha katika shule hii kuliko hata foleni ya bwaloni. Kitu chenyewe ni nafasi ya kuhifadhia kazi zetu katika tarakilishi za shule. (Mlezi wa chama chetu ameniomba nitumie neno tarakilishi, nami nimejaribu. Lakini kwa kuwa yeye mwenyewe nimemsikia maktabani akisema, "Hebu washa hiyo kompyuta," nitayatumia yote mawili bila woga.)

Wengi wetu hudhani kwamba ile kompyuta unayoikalia maabarani ndiyo inayoitunza kazi yako. La hasha! Zile 30 zilizopangwa kandokando ya ukuta ni madirisha tu. Ukiandika jina lako na nywila yako, kazi yako huletwa kutoka kwa mashine moja iliyofungiwa katika kile chumba kidogo cha nyuma, chenye feni inayolia usiku na mchana. Hiyo ndiyo seva. Ndani yake mna diski, na diski hiyo ina mwisho wake. Yetu ni ya gigabaiti 500. Ukiondoa sehemu iliyomezwa na programu zinazoiendesha mashine yenyewe, na sehemu iliyotengewa nakala za akiba na kumbukumbu za ofisi, zinazobaki ni gigabaiti 320. Mwaka huo tulikuwa wanafunzi 580 na walimu 36. Ukigawanya sawasawa, kila mmoja anapata megabaiti 500 na ushei.

Kwa watu wa kale huo ungekuwa utajiri wa sultani. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ilipotoa mashine ya kwanza ya kuuzwa yenye diski ya aina hii, ilikuwa na sahani 50, kila moja ikiwa na upana wa inchi 24, yaani zaidi ya nusu mita. Kabati lote hilo liliweza kushika herufi milioni 5 tu. Wimbo mmoja wa dakika tano, wa hizi nyimbo tunazosikiliza kwenye simu, ungelijaza ukafurika. Hata hivyo mtu hashibi kwa kuambiwa babu yake alikula kidogo. Megabaiti 500 leo ni picha mia na kitu za simu, au nusu ya sinema moja.

Nikufananishie na jambo unalolijua. Kila Februari, jua linapowaka na mto kupungua, shule hutangaza mgao wa maji: ndoo moja kwa kila mwanafunzi asubuhi, nusu jioni. Kwa nini tusiachwe kila mmoja achote anavyopenda? Kwa sababu tunajuana. Bweni lililo karibu na tenki lingeoga, lingefua hata mapazia, na bweni la juu kilimani lingeambulia patupu. Si kwamba watu wa bweni la chini ni waovu. Ni kwamba anayechota haoni tenki kwa ndani. Anaona mfereji unatoa maji, basi anachota. Diski nayo ni hivyo hivyo, ila ina ubaya mmoja ulioizidi tenki: maji ukiyatumia yamekwenda na mvua itarudisha mengine, lakini faili ukiliweka limekaa. Haliondoki mpaka aliyeliweka aliondoe.

Basi mwisho wa Juni mwaka huo maji yalizidi unga. Wenzetu wa kidato cha nne wanaosoma Kompyuta walikuwa wakikamilisha ule mradi wao wa mtihani, karatasi ya 451/3, ambayo mtu huifanya kwa miezi, si kwa saa mbili kama karatasi nyingine. Jumatano moja wakati wa masomo ya jioni, dada mmoja alibonyeza kuhifadhi. Mashine ikasita. Kisha ikaleta ujumbe kwamba hakuna nafasi. Akabonyeza tena. Alipolifungua faili lake alikuta jeupe pepepe: baiti 0. Mate yalimkauka kinywani. Sisi tuliokaa naye safu moja tulipigwa na butwaa, maana hata kulia hakulia. Alikaa tu akiitazama kioo.

Mwalimu wetu wa kompyuta alitueleza baadaye jinsi jambo hilo linavyotokea, na naona vyema kila mtu alijue. Baadhi ya programu zinapohifadhi kazi yako juu ya ile ya zamani, kwanza humwaga ya zamani, ndipo huandika mpya. Diski ikiwa imejaa, kumwaga kunafaulu lakini kuandika kunashindwa. Unabaki huna ya jana wala ya leo. Bahati nzuri palikuwa na nakala ya akiba. Bahati mbaya nakala hiyo ilikuwa ya wiki tatu nyuma. Wiki tatu za mtu ambaye kwao hakuna kompyuta, anayegusa moja saa za maabara tu, si kitu cha kusema "pole" kisha ukaendelea na safari yako.

Sasa nani alikuwa ameijaza diski? Hapa ndipo penye utamu, na uchungu. Mwalimu alitoa orodha ya ukubwa wa kila akaunti. Haikuonyesha kilichomo, ukubwa tu. Katika akaunti 616, nyingi zilikuwa hazijafika megabaiti 60. Lakini akaunti 11 pekee zilishika zaidi ya gigabaiti 200. Moja ilikuwa na 46! Mwenyewe alipoitwa hakukana wala hakutetemeka. Alisema, "Mwalimu, kwani kuna mahali pameandikwa nisiweke? Niliona nafasi iko." Watu walicheka kwa hasira, lakini mimi niliona amesema kweli. Hapakuwa na sheria. Mfereji ulikuwa unatoa maji, naye akachota mechi za kandanda za msimu mzima.

Hatua ya kwanza iliyochukuliwa ilikuwa ile ya kawaida ya mashuleni, yaani vitisho. Ilitangazwa gwarideni kwamba sinema zote zitafutwa kesho yake saa nne. Usiku huohuo sinema ziligeuka majina. Ghafla shule yetu ikawa na faili moja la gigabaiti 2 liitwalo "maswali ya hesabati" na jingine la gigabaiti 3 liitwalo "fasihi simulizi". Aliyetumwa kufanya usafi naye, kwa kutojua kipi ni kipi, alianza na yaliyo makubwa kabisa. Katika kupiga fagio hilo ikapotea video ya mchezo wetu wa kuigiza, ule uliotufikisha ngazi ya kaunti, na hapakuwa na nakala nyingine. Mpaka leo wanachama wa drama wakikumbuka siku hiyo hushusha pumzi. Na zile sinema? Nyingi zilibaki, zikiitwa hesabati.

Baada ya hapo ndipo ilipoundwa kamati ndogo: mwalimu wa kompyuta na wanafunzi wanne, nami nikiwa mmoja wao kwa kuwa nilikuwa naibu kiranja wa maabara. Tulikaa jioni tatu. Jioni ya kwanza ilikwisha kwa kelele tupu, kwani kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mwakilishi wa kidato cha pili, ambao mwaka huo ndio waliokuwa wadogo kuliko wote maana kidato cha kwanza hakikuwapo, alishika neno moja: "Tugawane sawa. Karo ni ile ile." Ukimsikiliza juujuu utaona hana makosa. Lakini kidato cha pili wanajifunza kuandika barua na kuchora jedwali, kazi yao yote ya mwaka haifiki megabaiti 20. Ukimpa kila mmoja wao 500, umefunga maghala 200 matupu na kutupa funguo, huku mtahiniwa wa kidato cha nne akitafuta pa kuweka mradi wake. Hiyo ni sawa kwa hesabu. Kwangu mimi si haki.

Mwingine naye, wa kidato cha nne, akavuta upande wa pili: "Wenye mtihani wachukue wanavyotaka, hawa wadogo watangoja. Si sisi pia tulingoja?" Hilo nalo lilinikera, nikamkumbuka rafiki yangu wa kidato cha tatu. Kijana huyu huandika hadithi anazosimuliwa na nyanya yake wakati wa likizo. Akirudi shuleni huzipiga chapa kidogo kidogo kwenye akaunti yake, na hivi sasa anazo zaidi ya 40. Kwao hakuna umeme. Flashi haziruhusiwi maabarani kwa sababu ya virusi. Kwa hiyo sehemu yake ya ile diski ndiyo kabati lake pekee duniani. Unajua hadithi zile zote zinachukua nafasi gani? Hazifiki megabaiti 2. Maandishi ni mepesi kuliko unyoya: kitabu cha kurasa 200 kikiwa maandishi matupu hakifiki hata megabaiti 1, na maneno yote ya jarida hili unalosoma ni mepesi kuliko picha moja ya jalada lake. Lakini Jumatano ile diski ilipojaa, mwenye 2 alizuiwa kuandika sawa na mwenye 46. Na mwenye 46 alikuwa na kipakatalishi nyumbani, hakupoteza kitu. Tangu hapo nilijua kwamba swali si nani anahitaji nafasi kubwa tu. Ni nani hana pengine pa kwenda.

Jioni ya pili mwalimu alituletea historia, na mimi napenda mwalimu anayekuja na historia. Kumbe ugomvi huu si wetu. Watu walipoanza kushirikiana kompyuta moja kubwa, kama ile ya chuo cha MIT kule Marekani miaka ya 1960, kila mtumiaji tayari alikuwa na mgao wake wa diski. Kisha mwaka 1983, toleo la Unix kutoka Berkeley liitwalo 4.2BSD lilitoka na utaratibu ulioandikwa na Robert Elz wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia. Utaratibu huo ndio unaoendelea kutumika, kwa sura moja au nyingine, hata katika Linux inayoendesha seva yetu. Uzuri wake ni kwamba una mipaka miwili badala ya mmoja. Mpaka wa kwanza ni laini. Ukiuvuka unaonywa lakini unaendelea na kazi, na saa inaanza kuhesabu siku za muhula. Mpaka wa pili ni mgumu, huo huuvuki kamwe. Siku za muhula zikiisha nawe bado umo kati ya mipaka miwili, unazuiwa kuongeza mpaka upunguze. Lakini hakuna kinachofutwa! Vitu vyako unavisoma, unavitoa, unavipunguza mwenyewe. Nilipolisikia hilo niliwaza ile video ya drama.

Kwa kawaida muhula huo katika Linux ni siku 7. Wenzangu walitaka tuuache hivyo hivyo, nami nikakataa katakata. Chuoni mtu hukaa mbele ya kompyuta kila siku. Kidato cha pili wanaingia maabara mara moja kwa wiki, dakika 40, na wiki ya mitihani au ya michezo hawaingii kabisa. Siku 7 kwao ni kipindi kimoja, pengine hakuna hata kimoja. Mtu angeonywa Jumanne, akirudi Jumanne nyingine anakuta amefungiwa kabla hajapata nafasi ya kufagia. Tulibishana kwa saa nzima juu ya jambo hili moja. Mwishowe tukakubaliana siku 21. Mwalimu alicheka akasema nitafaa kuwa wakili wa watoto.

Migao yenyewe tuliipanga hivi: kidato cha pili megabaiti 300 kila mmoja, kidato cha tatu 600, cha nne nao 600, ila watahiniwa 50 wa Kompyuta wapewe gigabaiti 2 kila mmoja. Walimu gigabaiti 1. Ukijumlisha pamoja na vyama unapata 434, ilhali tunazo 320 tu. Mwenzetu mmoja aliruka kitini, "Huu si uongo? Mnaahidi msicho nacho!" Swali zuri. Lakini hata benki haiweki kabatini noti zote za wateja wake wakiingoja siku ambayo wote watakuja pamoja. Wengi wetu tulikuwa hatufiki megabaiti 60, na hawakutarajiwa kujaza 600 kwa usiku mmoja. Kinachotakiwa ni mtu wa kuangalia. Tulipatana kwamba nafasi iliyo wazi ikishuka chini ya gigabaiti 40, kamati ikutane kabla ya maji kufika shingoni.

Kulikuwa na mambo mawili ambayo sikuyatarajia. La kwanza ni vyama. Kompyuta humhesabia faili yule aliyeliweka. Dada aliyerekodi mchezo wa drama ndiye aliyekuwa ameonekana "mlafi" wa gigabaiti 9, kumbe si zake, ni za chama kizima. Zamani katika baadhi ya mifumo ya Unix mtu aliweza kumpa mwenziwe umiliki wa faili, na wajanja wakaitumia njia hiyo kutupia mizigo yao kwenye migao ya wengine. Ndiyo maana mifumo ya Berkeley, na Linux pia, ikamwachia msimamizi peke yake ruhusa ya kubadilisha mwenyewe wa faili. Sisi tulivipa vyama vinane akaunti zao, gigabaiti 5 kila kimoja, mlezi na katibu wakiwajibika. Drama walilalamika kwamba 5 hazitoshi, na ni kweli hazitoshi. Video zao za zamani sasa zinahamishiwa kwenye diski ya nje inayokaa kabatini mwa mwalimu.

La pili ni idadi. Diski huweza kukataa faili jipya hata kama gigabaiti bado ziko, kwa sababu mifumo mingi ina daftari lenye mistari maalumu, kila faili mstari mmoja. Mistari ikiisha, imeisha. Kwa hiyo mgao hupimwa kwa njia mbili, ukubwa na hesabu ya mafaili. Tuliweka mafaili 5,000 kwa kila mtu na hakuna aliyelalamika.

Lakini nikwambie kilichookoa nafasi kuliko sheria hizi zote. Mitihani ya miaka iliyopita! Ilikuwa imepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, fungu lenye megabaiti 130, na watu 97 walikuwa nalo, kila mtu na nakala yake. Hizo ni gigabaiti 12 na nusu za kitu kimoja. Tuliweka nakala moja katika folda ya wote, ya kusoma tu, tukawaomba watu wafute zao. Wengi walifuta siku ileile bila kusukumwa. Ukimwonyesha mtu kwamba hapotezi kitu, huhitaji kumtisha gwarideni.

Jioni ya tatu ilikuwa ya jambo moja tu: je, majina ya waliozidi yabandikwe kwenye ubao wa matangazo? Wengi walitaka. Aibu humrekebisha mtu, walisema. Nilipinga, na bado napinga. Orodha ya ukubwa haielezi sababu. Ingebandikwa Juni, yule dada wa drama angekuwa miongoni mwa walio juu na angezomewa hadi bwenini. Tuliafikiana kwamba kila mtu akiingia aone yake tu: umetumia kiasi hiki, umebakiwa na kiasi hiki. Mwalimu aone ukubwa wa wote. Kufungua faili la mtu bila yeye kuwapo, hapana. Kijana wa gigabaiti 46 alipewa siku 21 kama kila mtu, akahamisha mechi zake nyumbani wakati wa mapumziko ya muhula, na leo ana megabaiti 410. Husema tulimwonea. Tunasalimiana.

Nisije nikaonekana ninajisifu, hata wakubwa wamefika hapa. Kwa miaka kadhaa Google iliwapa shule na vyuo nafasi isiyo na kikomo. Mwaka 2021 ikatangaza kwamba hilo limekwisha, na kutoka Julai 2022 kila taasisi ikapewa terabaiti 100 za kugawana. Terabaiti 100 ni kama diski 200 za shule yetu, na bado vyuo vikubwa vililia.

Limebaki moja ambalo hatujalimaliza. Kidato cha nne cha mwaka 2025 waliondoka na kuacha akaunti 190. Mwanzoni mwa 2026 wakaingia gredi ya 10, wanafunzi 210, na masomo yao yana kazi nyingi za kupiga picha na kurekodi sauti. Nafasi lazima itoke kwa waliotangulia. Tuliwatumia ujumbe kupitia kwa wadogo zao na majirani waje wachukue kazi zao kabla ya tarehe 30 Aprili. Kufikia ninapoandika haya wamekuja 61. Yule dada wa mradi alikuja Jumamosi moja na flashi aliyoazimwa, mwalimu akaipima virusi mwenyewe, akamnakilia. Akaunti 129 bado zimefungwa, zina gigabaiti 31. Kamati imegawanyika, wawili wanasema zifutwe siku ikifika, wawili tunasema zihamishiwe kwanza kwenye ile diski ya nje, na diski hiyo yenyewe imebakiwa na gigabaiti 26. Mwalimu ametupa mpaka Ijumaa.